Safari ya Kushuhudia Matumbawe Yakitaga: Namna ya Kuipanga na Namna ya Kuzamia

Anayetaka kuona matumbawe yakitaga na ahesabu mwezi kwanza, ndipo ahesabu fedha. Mara ya kwanza nilipokwenda Cairns, mji ulio kaskazini mwa jimbo la Queensland nchini Australia, nilifanya kinyume: nilitafuta tiketi ya ndege iliyokuwa nafuu, nikaomba likizo ya kulingana nayo, nikafika siku mbili nimechelewa. Asubuhi ile bahari ilikuwa na utando wa rangi ya waridi iliyofifia, mfano wa mafuta yanayoelea juu ya mchuzi wa samaki, na nahodha akanieleza kwa upole kwamba hayo ndiyo mabaki ya usiku wa juzi. Nilizamia siku tatu, nikaona kasa na papa, lakini nililolifuata sikuliona. Maelezo haya yametokana na safari ya pili, ambayo niliipanga kwa mwezi, pamoja na miaka kadhaa ya kuongoza wazamiaji wa usiku katika Kisiwa cha Mafia.

Tumbawe moja, hata liwe kubwa kama gari, ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, walioshikamana na mwamba na wasioweza kuhama kutafuta wenza. Njia yao ni kuachia mayai na manii majini kwa wakati mmoja, matumbawe ya mwamba mzima kwa pamoja, ili manii ya hili yakutane na mayai ya lile, na ili samaki wanaoyala mayai hayo washibe kabla hayajaisha. Wataalamu hawakulijua jambo hili kwa ukubwa wake hadi mwaka 1981, pale watafiti vijana wa James Cook University, wengi wao wanafunzi wa uzamivu (na hapo neno uzamivu lilitimia kwa maana zake zote), walipolishuhudia katika Magnetic Island. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science, na tangu hapo imethibitika kwamba katika mwamba mkubwa wa Australia, Great Barrier Reef, zaidi ya aina 130 za matumbawe hutaga ndani ya siku chache hizo hizo za mwaka. Mwamba huo una urefu wa takriban kilomita 2,300, kwa hiyo swali la kwanza la msafiri haliwezi kuwa aende wapi tu. Ni lazima liwe pia aende lini.

Hesabu ya mwezi

Mambo matatu huyaongoza matumbawe, na mpangaji wa safari hana budi kuyafuata kwa utaratibu huo huo. Joto la maji huamua mwezi wa mwaka, kwa maana mayai hupevuka bahari inapopata joto kuelekea kiangazi cha kusini. Mbalamwezi huamua siku. Kuzama kwa jua huamua saa, na kila aina ina saa yake. Katika miamba iliyo karibu na bara, kama ile ya Magnetic Island, maji hupata joto mapema, kwa hiyo kutaga hutokea mara nyingi baada ya mwezi mpevu wa Oktoba. Katika miamba ya nje, ambako boti nyingi za Cairns huenda, hutokea zaidi baada ya mwezi mpevu wa Novemba, na pengine wa Desemba.

Msomaji aliyekulia pwani yetu haihitaji programu ya simu kwa hesabu inayofuata. Mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame, ni mpevu, na maji ni ya bamvua, hujaa na kupwa sana. Mwezi ishirini na moja au ishirini na mbili, maji ni mafu, hayajai wala hayapwi sana. Matumbawe mengi ya Great Barrier Reef hutaga kati ya usiku wa nne na wa sita baada ya mwezi kupevuka, yaani mwezi kumi na tisa hadi ishirini na moja, wakati bamvua imekwisha na maji yanaelekea kufa. Faida ya maji yasiyokwenda kasi inaeleweka hata kwa asiye mtaalamu: mayai na manii hukaa pamoja kwa muda wa kutosha kukutana, badala ya kutawanywa na mkondo.

Iko sababu nyingine, nayo ni giza. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua linapozama, kwa hiyo anga haiwi na giza hata kidogo. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa takriban dakika hamsini, na ifikapo usiku wa tano kunakuwa na kipindi cha giza kamili cha saa nne hivi baada ya magharibi. Watafiti waliofanya kazi Taiwan wameonyesha kwamba baadhi ya matumbawe hulisikia giza hilo la mwanzo wa usiku, na kwamba ndilo linaloyapa ishara ya kujiandaa. Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba, ambao huegesha mashua zao wakati wa mbalamwezi na kurudi baharini na taa zao wakati wa giza, wangeielewa kalenda hii bila kufundishwa.

Tuchukue mfano wa mwaka 2026. Mwezi wa Novemba unapevuka tarehe 24 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, wakati ambapo Cairns, iliyo mbele yetu kwa saa saba, imekwisha kuvuka usiku wa manane na kuingia tarehe 25. Kwa hiyo mtu aliyehesabu kwa kalenda ya ukutani kwake Mombasa anaweza kukosea kwa usiku mzima. Kwa hesabu ya Cairns, usiku wa kutazamiwa zaidi ni wa tarehe 28 hadi 30, na mimi ningejiwekea akiba ya usiku mmoja kabla na mmoja baada.

Kuna mwaka ambao hesabu huwa na utata, nao ni ule ambao mwezi mpevu huangukia mwanzoni kabisa mwa Novemba. Hapo matumbawe mengine huwa tayari na mengine huwa bado, na kutaga hugawanyika kati ya miezi miwili. Mwaka wa namna hiyo usinunue tiketi isiyobadilishika. Waandikie waendeshaji wa boti uliyoichagua, uwaulize wanatarajia mwezi upi na kwa sababu gani. Anayejibu kwa kutaja joto la maji na hali ya mayai ya miaka iliyopita anajua kazi yake, na anayejibu kwa kutaja punguzo la bei tu tafuta mwingine.

Kuchagua boti na mwamba

Kuna njia mbili za kwenda. Moja ni boti inayoondoka Cairns mchana na kurudi usiku huo huo. Ya pili ni boti ya kulala baharini, ambayo hukaa kwenye miamba ya nje kwa siku tatu au nne. Ya kwanza ni nafuu na inamfaa mtu aliye na siku nyingi za kukaa mjini, kwa kuwa akikosa leo atarudi kesho. Ya pili ni ghali, lakini kwa anayetoka Afrika Mashariki, ambaye nauli ya ndege pekee imekwisha kumtoa jasho, naiona kuwa ndiyo yenye akili zaidi: unalipia usiku kadhaa mfululizo mahali pale pale, na kila usiku una mbizi mbili. Ikiwa fedha haitoshi kwa siku zote nne, punguza anasa nyingine zote, ulale vyumba vya pamoja, ule mkate na ndizi mjini, lakini usipunguze idadi ya usiku.

Kabla ya kulipa, uliza mwamba wenyewe una hali gani. Joto kali la bahari liliyafanya matumbawe ya Great Barrier Reef yapauke, yaani yapoteze rangi na kudhoofika, kwa wingi mwaka 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024, na tumbawe lililopauka, hata likipona, mara nyingi halina nguvu ya kutengeneza mayai kwa msimu mmoja au zaidi. Baada ya mipauko ya 2016 na 2017, watafiti walipohesabu matumbawe machanga yaliyoota mwaka 2018, walikuta yamepungua kwa asilimia 89 yakilinganishwa na miaka ya nyuma. Mwamba mmoja unaweza kuwa umeungua na jirani yake ukawa salama, kwa hiyo swali hili lina jibu la mahali kwa mahali, na mwongozaji mzuri atakuwa nalo.

Uliza vilevile juu ya utaratibu wa kuhesabu watu. Mwaka 1998 boti moja ya Queensland iliondoka kwenye mwamba ikawaacha majini wazamiaji wawili, mume na mke, ambao hawakuonekana tena. Tangu hapo jimbo hilo limekaza masharti, na boti haipaswi kung'oa nanga kabla kila mtu hajahesabiwa na kuandikwa. Usiku, wakati kila mtu amevaa suti nyeusi na barakoa, usione uchovu kuitika jina lako mara mbili au tatu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Leseni ya mwanzo ya uzamiaji haitoshi, hata kama boti itakukubali. Utakaa zaidi ya saa moja gizani, karibu sana na viumbe ambavyo ukivigusa kwa pezi vitavunjika, na macho yako yote yatakuwa juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Mzamiaji ambaye bado anapigana na kuelea kwake, anayepanda na kushuka kila akivuta pumzi, atatumia usiku mzima kujihangaikia. Nashauri mbizi za usiku zisizopungua tano kabla ya safari, na mahali pa kuzifanyia tunapo hapa hapa: ghuba ya Chole katika Kisiwa cha Mafia, Nungwi, Watamu au Diani. Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza na gumu kulifanya: chagua jiwe moja, elea mbele yake umbali wa urefu wa mkono kwa dakika ishirini, bila kugusa chini, bila kupiga mikono, na taa ikiwa imezimwa kwa nusu ya muda huo.

Karatasi zina mpangilio wake. Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza ya Australia, ambayo huombwa mtandaoni, nayo isiachwe hadi mwezi wa mwisho. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Boti za Queensland hukutaka ujaze fomu ya afya, na mwenye pumu, shinikizo la damu au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni aende na barua ya daktari anayeielewa tiba ya wazamiaji, la sivyo atabaki kuwa abiria. Jambo dogo ambalo huwashangaza wengi ni ukali wa forodha ya Australia kuhusu uchafu: suti, viatu na mapezi yaoshwe kwa maji safi na yakauke kabisa, na mchanga wa Nungwi usisafiri nawe. Wala usibebe kipande cha tumbawe au kombe kama zawadi, kwa kwenda wala kwa kurudi.

Ukipitia Sydney, kumbuka kwamba mwezi wa Novemba saa za Sydney ziko mbele ya Cairns kwa saa moja, kwa kuwa Queensland haisogezi saa zake wakati wa kiangazi. Nimemwona mtu aliyechanganya saa ya boti ya mchana kwa jambo hilo tu.

Vifaa

Maji ya Novemba huwa na joto la kadiri ya nyuzi 26 hadi 28, kwa hiyo suti nyepesi inatosha, lakini isiachwe kwa sababu ya joto, kwani huo ndio mwanzo wa msimu wa viwavi-bahari wenye sumu kali katika maji ya kaskazini mwa Queensland. Vazi la kitambaa chepesi linalofunika mwili wote pamoja na kofia yake hutolewa na karibu kila boti. Kofia hiyo ina faida tatu: inakinga viwavi, inawafaa wanawake wanaopenda kujisitiri kichwa, na inazuia mayai yasinase kwenye nywele. Hili la mwisho lisichukuliwe kwa mzaha, maana mayai yale yana mafuta, na harufu yake siku ya pili ni ya dagaa walioachwa kwenye ndoo.

Taa ndiyo kifaa cha kufikiriwa zaidi. Beba mbili, kubwa na ya akiba, pamoja na kimulimuli cha kufunga kwenye mtungi ili mwenzako akuone kwa nyuma. Taa kubwa iwe na kioo chekundu au kifuniko chekundu. Mwanga mweupe mkali una madhara mawili: unayasumbua matumbawe, ambayo yanategemea giza, na unavuta viumbe wadogo wa majini. Usiku wa kwanza wa safari yangu ya pili nilisahau kifuniko chekundu chumbani. Nikawasha taa nyeupe, na kwa muda wa dakika mbili hivi nikazungukwa na minyoo ya baharini, myembamba kama uzi wa kushonea, ikijisokota mbele ya barakoa na kuingia kwenye mikono ya suti, hata mbele yangu nisione isipokuwa minyoo. Haiumi, lakini huwezi kuangalia tumbawe ukiwa ndani ya wingu lake. Dawa yake ni kuzima taa, kusogea pembeni na kuwasha nyekundu.

Kuhusu kamera nitasema machache tu. Lenzi ya vitu vidogo ndiyo inayofaa, na kadiri mayai yanavyoongezeka ndivyo picha pana zinavyojaa vidoa vyeupe vya mwanga uliorudi. Kama hujawahi kupiga picha usiku chini ya maji, usianze usiku huu. Iache kamera botini.

Usiku wenyewe

Kazi ya usiku huanza mchana. Piga mbizi ya alasiri mahali pale pale patakapozamiwa usiku, uchague matumbawe matatu au manne yaliyo karibu karibu, katika kina cha mita tano hadi kumi. Chagua aina tofauti: tumbawe la matawi linalofanana na pembe za paa, ambalo ni la jamii ya Acropora, tumbawe la mviringo lenye mifereji kama ubongo, na tumbawe laini lenye mikono minene. Yakariri kwa alama zilizo jirani, kama vile ufa wa mwamba au kombe kubwa. Usivunje tawi ili kutazama kama mayai yamekuwa mekundu. Watafiti hufanya hivyo kwa kibali, na mgeni akifanya anavunja sheria ya hifadhi.

Jua huzama Cairns mwishoni mwa Novemba kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, na mbizi ya kwanza huanza saa moja au saa moja na nusu usiku. Muislamu atakayezamia ajue kwamba muda kati ya Magharibi na kushuka majini ni mfupi sana, na ruhusa ya msafiri ya kukusanya sala humfaa hapa. Kula kidogo, kunywa maji, na mkubaliane na mwenzako ishara za taa: duara kubwa maana yake ni salama, na kutikisa taa upande kwa upande kwa haraka maana yake ni njoo upesi.

Aina haziachii mayai kwa pamoja zote. Katika jamii ya Acropora peke yake, ile iitwayo Acropora tenuis hutaga mapema, muda mfupi baada ya giza kuingia, na ile iitwayo Acropora millepora husubiri hadi karibu saa tatu usiku. Ndiyo maana mbizi mbili zina maana: moja ya saa moja na nusu na nyingine ya saa tatu kasorobo hivi, na kati yake ni chai na kubadilisha mtungi. Ukiona mbizi ya kwanza imepita bila kitu, usivue suti.

Ukifika kwenye tumbawe lako, elea kwa umbali wa urefu wa mkono, uelekeze mwanga mwekundu pembeni yake badala ya kuuelekeza juu yake moja kwa moja, na utazame vinywa vya polipu. Kwa muda mrefu hutaona chochote. Kisha, kama usiku ndio wenyewe, katika kila kinywa hutokea kidoa cha rangi ya waridi, kimebanwa mlangoni kama chembe ya ulezi kati ya midomo miwili. Hicho ni kifurushi: mayai kadhaa yaliyofungwa pamoja na manii katikati yake, kwa kuwa matumbawe mengi ya jamii hii ni dume na jike kwa pamoja. Tumbawe lililofika hapo limekwisha kujipanga, na huenda likakaa hivyo nusu saa nzima bila kuachia. Hapa ndipo wazamiaji wengi hukosa. Hukata tamaa, huogelea kwenda kutafuta jingine, na wakirudi hukuta kazi imekwisha, kwa maana kuachia kwenyewe hakuchukui muda mrefu.

Nililokuwa nimelichagua mimi lilikuwa tumbawe la ubongo, la ukubwa wa pipa la maji. Saa mbili kasoro dakika kumi mifereji yake yote ilikuwa na mistari ya vidoa vya waridi, na nilikuwa nimebakiwa na nusu ya mtungi. Kifurushi kimoja kilichomoka pembeni kikapanda taratibu kupita mbele ya barakoa yangu. Nikadhani nimekiona peke yangu. Kisha vikachomoka upande mzima wa kushoto, na wimbi lile likaenea kwenda kulia katika muda usiozidi pumzi kumi, kama ushanga uliokatika uzi, ila shanga hizi zilikwenda juu. Samaki wadogo ambao kwa kawaida hulala saa hizo walitoka mwambani wakaanza kudokoa. Nilipoinua taa nikaona maji yote juu yangu yana punje, hata viputo vya pumzi yangu vilipita katikati yake kwa shida.

Aina nyingine zina dume na jike mbalimbali, na matumbawe ya umbo la uyoga ni miongoni mwao. Dume hutoa manii kama moshi wa ubani unaotoka kwenye chetezo, mwembamba, kisha ukatanda. Siku hizo hizo si ajabu kumkuta jongoo bahari amesimama wima juu ya jiwe, akiyumba, na yeye akimwaga mbegu zake. Ukiona majongoo yamesimama mapema jioni, usiondoke mahali hapo.

Usiguse vifurushi wala usivikamate kwa mkono. Vinapofika juu hupasuka baada ya dakika kadhaa, na hapo ndipo mayai hukutana na manii ya matumbawe mengine. Wakati wa kupanda, fanya kituo chako cha usalama, yaani tulia dakika chache karibu na juu ya maji, kama kawaida, na ukifika juu usitoe kipumulio kinywani hadi umeshika ngazi, kwa sababu utakuwa umeinua kichwa katikati ya tabaka la mayai. Itika jina lako. Suuza vifaa vyote kwa maji baridi usiku huo huo, hasa kipumulio, kwa maana mafuta yale yakikauka hung'ang'ania.

Asubuhi yake

Amka mapema, upande juu ya sitaha kabla upepo haujaanza. Kama kutaga kulikuwa kukubwa, utaona mistari ya utando wa waridi au wa kahawia hafifu ikifuata mkondo. Tahadhari moja: katika maji hayo hayo na majira hayo hayo huelea pia vijimea vidogo vinavyofanana na vumbi la mbao la fundi seremala, na wageni wengi, pamoja na wenyeji wengine, huviita mayai ya matumbawe. Chota kwa chupa ya kioo uangalie kwa jua. Mayai ni ya mviringo, yenye mafuta, na huonekana moja moja. Vijimea ni vipande vyembamba kama nyuzi zilizokatwa. Baada ya siku moja na nusu hivi, yai lililorutubishwa huwa kiluwiluwi anayeogelea, na kuanzia siku ya nne au ya tano viluwiluwi wengine huanza kutafuta mahali pa kujibandika.

Tangu mbizi ya mwisho hadi kupanda ndege acha zipite saa zisizopungua 18, na 24 ni bora zaidi kwa mtu aliyezamia siku nyingi mfululizo. Hesabu hiyo iingie kwenye tiketi tangu mwanzo, pamoja na uwezekano wa dhoruba, kwa kuwa Novemba ndiyo huanza msimu wa vimbunga kaskazini mwa Australia.

Kama makazi yako ni kwingine

Wasomaji walio Marekani hawana haja ya kwenda Australia. Katika Ghuba ya Mexico, zaidi ya kilomita 150 kutoka pwani ya Texas, kuna hifadhi ya Flower Garden Banks, ambako matumbawe hutaga kati ya usiku wa saba na wa kumi baada ya mwezi mpevu wa Agosti. Vilele vya matumbawe huko vimo kwenye kina cha mita 17 au zaidi, bahari ni ya wazi, na boti hutikisika. Si mahali pa kujifunzia.

Na pwani yetu je? Matumbawe yetu hutaga, lakini hayaendi kwa pamoja kama yale. Utafiti uliofanyika katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na joto la maji halipandi na kushuka sana, aina mbalimbali hugawana miezi kadhaa, hasa ya kaskazi, kati ya Januari na Aprili, badala ya kurundikana katika usiku mchache. Ndiyo maana hakuna boti ya Watamu wala ya Nungwi inayouza tiketi ya usiku wa kutaga, na anayekuuzia anabahatisha. Mwenyeji, hata hivyo, ana kitu asichokuwa nacho mtalii: anaweza kurudi. Chagua tumbawe moja la matawi lililo kwenye maji mafupi karibu na kwenu, ulitie alama kichwani, na kila mwezi wa kaskazi ulitembelee usiku wa mwezi kumi na nane hadi ishirini na mbili, baada ya giza kuingia, kwa taa nyekundu. Andika tarehe, siku ya mwezi, joto la maji kama kompyuta yako ya kuzamia ilivyoonyesha, na ulichokiona, hata kama hukuona kitu. Mimi ninalo moja ndani ya ghuba ya Chole, na daftari langu lina misimu mitatu ya usiku mtupu na mstari mmoja wa mwezi wa Machi unaosema: vidoa vya waridi, saa mbili na robo, hewa imekwisha, nimelazimika kupanda.